Gari la kitufe, CVT na umbali wetu na Dar

Mjomba wangu wa Newala anashikilia kwamba gari lisilowaka kwa kusukumwa si gari. Alilirudia hilo msimu huu wa korosho, mdogo wangu alipopata malipo yake na kutaka kuagiza gari Japani. Mjomba anataka pikapu ya gia za mkono. Mdogo wangu anataka Toyota IST ya kuwasha kwa kitufe. Mimi nimeulizwa niamue, na kwa kuwa nilishakwama na gari la kitufe, nina la kusema pande zote mbili.

Nilikwama Mnazi Mmoja, kwenye njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi. Nilishuka kununua maji, nikarudi, nikakanyaga breki, nikabonyeza. Kimya. Stata haikugusa hata kidogo, ila kwenye dashibodi alama ya ufunguo ilikuwa inawaka na kuzima. Vijana wakaja kusukuma, ikabidi niwazuie. Kwenye otomatiki, presha ya mafuta ndani ya gia boksi inaletwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezima presha haipo, na magurudumu hayawezi kuizungusha injini hata mkisukuma mpaka Mingoyo. Nilikaa pale zaidi ya saa mbili, nikimpigia fundi mmoja wa Mtwara mpaka akapokea. Akaniuliza, "Kaka, rimoti umeibadilisha betri lini?" Akanielekeza nikanyage breki, nigusishe rimoti kwenye kitufe, upande wenye nembo, halafu nibonyeze. Likawaka papo hapo. Gari zima lilikuwa limezuiwa na betri ndogo kama sarafu.

Kwa hiyo namwelewa mjomba. Lakini wanaosifu magari ya zamani wanasahau msasa. Zamani umeme wa plagi ulipita kwenye distributa, kifaa cha kuugawa, yenye pointi, vibamba vya kukata na kuunga umeme, na pointi zilikuwa zinaungua. Unazisugua, unazipima nafasi, ukipita mto au mvua ikipiga distributa inaingia unyevu, unaanza upya. Leo magari mengi yana koili, kifaa cha kukuza umeme wa plagi, juu ya kila plagi. Koili moja ikifa injini inamisi, lakini mara nyingi unafika nyumbani, na fundi anaijua mbovu kwa kuzibadilishana nafasi tu. Hapo teknolojia mpya imeshinda, sioni cha kubishana.

Hata ufunguo wa chuma haukuwa salama kama tunavyoukumbuka. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ilirudisha magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi ya ufunguo ilikuwa laini mno. Mtikisiko, au uzito wa funguo nyingine kwenye pete, uliweza kuizungusha na kuzima injini barabarani, na mifuko ya hewa isifunguke. Mfuko wa fidia ulitambua vifo 124. Swichi ile ilikuwa ya kuzungusha, haikuwa ya kitufe.

Kwenye gia ndiko ugomvi ulipo hasa. IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. IST iliyofuata, nyingi zake ni CVT. Jina moja, magari mawili tofauti, na wauzaji wengi hawasemi. CVT haina gia za meno za kupanda moja baada ya nyingine: ina puli mbili zinazopanuka na kubana, na mkanda wa chuma kati yake. Injini inabaki kwenye mzunguko unaoifaa, mafuta yanaliwa kidogo, gari halishtuki. Kwa anayetoka Mtwara hadi Dar, kilomita kama 560, huo ni unafuu wa kweli mfukoni.

Ila mkanda ule unashika kwa msuguano, na msuguano huo unategemea mafuta yake maalumu. Kinachoniuma ni kusikia gereji zetu zikisema haidroliki, yaani mafuta ya gia za otomatiki, ni haidroliki. Ukimwagia CVT haidroliki ya kawaida, mkanda unateleza, unalia, puli zinachanika. Kisha gari likipandishwa mlima wa Newala na mzigo, kwenye joto letu, lawama zinaenda kwa Mjapani. Sisemi watengenezaji hawana kosa. Mwaka 2009 Nissan ilirefusha dhamana ya CVT zake Marekani, kwa magari ya 2003 hadi 2010, mpaka miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa gia zisizo na shida. Lakini mteja wa kule alibadilishiwa boksi, na wetu ananunua gari lililokwishatumika, bila dhamana yoyote.

Hapo ndipo nampa mjomba haki yake. Gari la zamani linaharibika mara nyingi zaidi, lakini linaharibikia mikononi mwa mtu anayeweza kulitengeneza. Mwaka 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar pale Somanga, aliyekuwa anasubiri boksi la CVT kutoka Kariakoo hakuwa na njia nyingine. Mwenye pikapu, bushi iliyokwisha alichongewa hapa hapa.

Mdogo wangu nimemwambia achukue IST, ya gia nne. Akipenda ya CVT, basi adai funguo mbili kabla hajalipa, maana nyingi zinakuja na mmoja, na ukipotea unahitaji kompyuta ya kusajili mwingine. Anunue mafuta ya CVT mwenyewe, yenye jina lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, asimame pembeni yakimwagwa. Mjomba bado hajakubali. Anasema atakubali siku VETA zetu, vyuo vya ufundi vya Mtwara na Lindi, zitakapotoa vijana wanaoweza kulifungua boksi la namna hiyo na kulirudisha likiwa zima, na kwa hilo sina jibu la kumpa.