Kodi ya Miezi Sita Ndiyo Inayomlaza Kijana Barazani

Tuanze na hesabu ambayo kila aliyeanza maisha Dar es Salaam anaijua. Chumba kimoja cha kawaida, choo cha kuchangia na wapangaji wenzako, tuseme ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba hataki ya mwezi, anataka ya miezi sita. Dalali naye anadai ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo ameshakula hela ya kukuonyesha vyumba viwili alivyojua fika kwamba hutavitaka. Jumla 350,000, taslimu, siku moja. Mbeba mizigo wa Kariakoo, au deiwaka anayeendesha bodaboda ya mwenzake saa za jioni, ataishika lini hela hiyo kwa mpigo?

Sasa igawanye. Ukiweka shilingi 2,000 kila siku, siku 180 zinakupa 360,000. Elfu mbili kijana huyo huyo anaipata, na siku nzuri anapata zaidi. Kwa hiyo ninapowaona vijana wamejilaza stendi au juu ya meza za soko baada ya wachuuzi kuondoka, siamini kwamba wote wameshindwa bei ya chumba. Wengi wameshindwa kuikusanya bei hiyo mahali pamoja, kwa sababu hawana pa kuiweka wala mtu wa kuwashikia. Hela iliyoko mfukoni kwa mtu anayelala nje haimalizi usiku. Ataibiwa, ataombwa na mwenzake anayeumwa, au ataila.

Kuna kundi jingine tunalisahau kwa sababu kwa sasa lina paa. Dada wa kazi, kijana wa duka anayelala dukani, mlinzi anayeishi kwenye kibanda cha getini. Hawa wamepata kazi na pa kulala kwa mkono mmoja, na vyote vinaondoka kwa mkono huo huo. Bosi akikasirika saa mbili usiku, saa tatu uko barabarani na begi. Waongeze vijana wanaotoka vituo vya kulelea watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, na asubuhi ya siku ya kuzaliwa haimpi kijana shangazi wala mjomba wa kumfikia.

Jibu letu la siku zote ni mkopo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Wazo ni zuri, na silipingi. Lakini tumeona yaliyotokea. Marejesho yalisuasua, vikundi vingine vikawa vya karatasi tu, na Aprili 2023 Serikali ikaisitisha mikopo hiyo hadi utaratibu upangwe upya, kisha ikarejea mwaka 2024. Utaratibu mpya umeshughulika sana na nani anaidhinisha na pesa inapita wapi. Sijasikia watu wakibishana vya kutosha kuhusu huyu kijana atakuwa na nani Jumatatu asubuhi, pesa ikishaingia.

Hapo ndipo ninapomleta fundi. Kuna fundi wa kuchomelea Buguruni ambaye nimekuwa nikipita kwake kwa mambo ya mageti. Ana vijana, wanaingia na kutoka. Ana daftari la kaunta limejaa madoa ya rangi ya kuzuia kutu, na kila jioni kabla hajagawa posho anakata elfu mbili kwa kila mmoja na kuandika. Kijana haulizwi kama anapenda. Hela ikifika ya kupanga, fundi anaongozana naye hadi kwa mwenye nyumba. Mara moja nilikuwepo. "Mama, huyu kijana wangu. Akikuzingua njoo kwangu, si unapajua?" Mama akamwangalia yule kijana kuanzia viatu hadi kichwa, akasema atapokea ya miezi mitatu, ila muziki hataki.

Kwa sentensi hiyo moja ya fundi, miezi sita ikawa mitatu. Nusu ya mlima imeondoka bila hata senti ya mkopo.

Na kwenye biashara yenyewe, mtu wa namna hii anafundisha mambo ambayo semina ya siku mbili yenye fulana na soda haiyagusi. Chukua suala la advansi. Mteja anaagiza dirisha, anatoa nusu ya hela. Kijana aliyeanza juzi anaiona hela nyingi kuliko alizowahi kushika, analipa deni la mama ntilie, ananunua simu, na vyuma havijanunuliwa. Anachukua advansi ya mteja wa pili ili amalizie kazi ya wa kwanza. Baada ya muda kibanda kimefungwa, namba haipatikani, na kodi ikiisha yuko nje. Fundi mwenye miaka kazini anamwambia siku ya kwanza kwamba advansi ni ya mteja mpaka geti lisimame, na anamfuata dukani kuhakikisha.

Najua tutakachojibiwa: mafundi hao hao wananyonya vijana. Ni kweli, tena sana. Kijana anaweza kukaa gereji miaka mitatu akitumwa chai na kuosha spana kwa mafuta ya taa, siku akidai chochote anafukuzwa. Ndiyo sababu ulezi huu hauwezi kuachiwa huruma ya mtu binafsi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazi mtaani, wanapimwa na kupewa cheti. Kijana mwenye tarehe ya kupimwa ana kitu cha kudai, na fundi ana siku ya kuulizwa.

Mtu asiye na mlezi wala mdhamini, mwisho wa kodi unampeleka kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Anakopa alipe chumba, riba inamla, wanakuja kubeba godoro na jiko la gesi, kisha chumba chenyewe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hizo ni za kwenye simu tu, bado hatujamhesabu yule wa mtaani anayeshika kadi yako ya benki.

Nisimtwike kijana kila kitu, hata hivyo. Oktoba 2021 machinga wa Dar es Salaam waliondolewa barabarani. Unaweza kuwa na fundi bora, daftari safi na nidhamu ya kijeshi, halafu meza yako ikahamishiwa mahali ambapo mteja hapiti. Hapo elfu mbili ya kila siku inakatika, na daftari haliwezi kuirudisha.

Ningependa halmashauri moja ijaribu kwenye kata moja. Itenge sehemu ya ile asilimia 4 ya vijana imlipe fundi anayekubali kulea vijana wawili au watatu, alipwe kwa awamu, na ya mwisho aipate kijana akishapimwa na VETA. Kijana akihitimu apewe mashine na grenda badala ya fedha taslimu. Kanuni itabidi ziguswe, maana pesa hii imetengenezwa kwa ajili ya vikundi. Halafu ofisi ya serikali ya mtaa, ambayo tayari inatuandikia barua za utambulisho kwa kila jambo, iandike ya kumtambulisha mpangaji pamoja na mlezi wake. Wenye nyumba si watu wabaya kama tunavyowasema kijiweni. Wanadai ya miezi sita kwa sababu mpangaji akitoroka hawana wa kumfuata.