Sio utamu wa mama tu, kuna insulini ya mtoto mwenyewe
Hapo mlipoandika eti mtoto anakuwa mkubwa tumboni sababu mama anapenda vitu vitamu mmerahisisha mno, kuanzia katikati ya mimba kondo la nyuma linamwaga homoni zinazofanya insulini ya mama (ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu) isifanye kazi vizuri, na hiyo inamtokea kila mjamzito ili chakula kimfikie mtoto, sasa kongosho la mama, ndilo linalotengeneza insulini, likishindwa kufidia ndo sukari inapanda, kinaitwa kisukari cha mimba, hata kwa mwembamba asiyegusa soda. Sukari inavuka kondo ila insulini ya mama haivuki, kwahiyo mtoto anatengeneza yake nyingi na ndo hiyo inamnenepesha, hasa mabega na tumbo. Mimi niko wodi ya wazazi, unapokea kitoto kilo nne na ushee, mashavu hayo!, muda si mrefu kinaanza kutetemeka, ukikitoboa kisigino kupima unakuta sukari iko chini kabisa, maana kitovu kimeshakatwa, sukari ya mama haiji tena, lakini insulini yake mtoto bado ipo kibao. Halafu utafiti wa kimataifa unaoitwa HAPO, wa 2008, ulionyesha uzito wa mtoto unapanda na sukari ya mama hata kabla haijafika kuitwa kisukari. Nyie wenzangu, mlipimwa sukari ile wiki ya 24 hadi 28 au mliambiwa tu mpunguze kula?