Mimi Maana Yake Sikio

Mgeni wangu wa Kijapani yuko ghorofani, mimi niko chini barazani, gari la kwenda mashamba ya viungo limeshawashwa. Nikampigia simu. "Moshi moshi," akaitikia. Nami kwa ujasiri wote nikamwambia: "Kitte kudasai." Simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao, si unaijua mitandao yetu. Nikapiga tena, nikasema vilevile, safari hii kwa sauti ya juu na kwa kuikazia ile t. Ikakatika tena.

Alipoteremka baada ya dakika kumi, uso umemsawijika, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeudhika naye. Nilitaka kumwambia "kite kudasai", njoo tafadhali. Nilichomwambia, mara mbili, ni kata tafadhali. Na Wajapani nao simu wanaikata kama sisi tunavyoikata, kwa kitenzi hichohicho cha kisu na panga.

Wiki ile ndiyo kwanza nilikuwa nimesoma kitabuni habari za konsonanti zinazorudufiwa, kama ile tt, nikawa nazipachika kila mahali kama mtoto aliyepewa kalamu ya rangi. Neno nilikuwa nimeliona karatasini. Kulisikia, sijawahi hata siku moja. Tangu hapo nina msimamo ambao wenzangu wa kazi ya kutembeza wageni wananicheka nao: neno la Kijapani usilolisikia likisemwa na mwenyewe, usilihesabu kuwa unalijua. Liandike penseli, si wino.

Msimamo huu naamini unatuhusu sisi Waswahili zaidi ya wengine. Sisi tunaanza Kijapani tukiwa tumebebwa. Vokali zao tano ni hizihizi zetu. Silabi zao nyingi zinaishia kwa vokali. Hata ile n yao inayosimama peke yake kama silabi nzima, tunayo katika nchi na nne. Mwingereza anaivuruga karaoke mpaka haitambuliki, wewe unaisoma mara moja na Mjapani anakuelewa. Basi unavimba kichwa, na hapo ndipo unapopotea. Kijapani kikiandikwa kwa herufi za Kirumi kinafanana mno na Kiswahili, jicho likakisoma kwa Kiswahili: linakaza silabi ya pili kutoka mwisho, linatamka kila vokali iliyoandikwa. Tunasema sakura kama tunavyosema sahani. Tunasema "desu" kwa u iliyonona, wakati mtu wa Tokyo anaishia karibu na "des" tu. "Suki", yaani kupenda, kwao inakaribia "ski".

Tena kuna yale maneno yanayotuchezea shere. Saba ni samaki, jamii ya vibua. Nana ndiyo saba ya kuhesabu, na nane haimo. Hata ni bendera. Hana ni ua, na pia ni pua. Sato, samaki wa Ziwa Victoria, ukiivuta o yake unapata Satō, jina la ukoo lililoenea kuliko yote Japani. Mimi ni sikio. Na dubu wanamwita kwa neno ambalo sitaliandika hapa. Mtoto wa Kiswahili akilitamka mezani atapigwa kofi.

Maneno haya ukiyasoma kwa macho utacheka na utayakumbuka, lakini utayakumbuka kwa sauti ya bibi yako wa Makunduchi.

Kilichonifungua akili ni chuo cha Kurani. Sisi tuliopelekwa chuoni tukiwa wadogo, tulihifadhi Juzuu Amma kwa sikio kabla ya kujua kuunganisha herufi. Maalim anasema, sisi tunafuata. Ukikosea madda, ule mvuto wa sauti, anagonga kibao, unarudia. Siku moja niko kwenye daladala nasikiliza somo la Kijapani, ikanijia: mbona hii ni tajwidi, zile kanuni za kusoma Kurani? Ile vokali ndefu yao, inayohesabiwa mapigo mawili kamili, ni madda. Ile konsonanti mbili, unaposhika pumzi pigo moja kabla ya kuiachia, ni shadda. Na "shinbun", gazeti, inayoandikwa kwa n lakini wenyewe wanatamka "shimbun" kwa sababu b imeifuata, si iqlabu hiyo, n kugeuka m? Nilicheka peke yangu mpaka kondakta akanitazama.

Toka siku hiyo obasan na obaasan hazijanisumbua. Ya kwanza ni shangazi au mama wa makamo, ya pili ni bibi mzee, na tofauti yake ni madda moja. Biru ni jengo, bīru ni bia. Saka ni mteremko, sakka ni mwandishi. Kiswahili nacho kinajua mchezo huu, ni kwamba hatujifikirii: kufa na kufaa si kitu kimoja, na hakuna anayeyachanganya.

Liko la tatu, gumu zaidi, nalo ni kupanda na kushuka kwa sauti. Hashi ikianza juu ikashuka, ni vijiti vya kulia. Ikianza chini ikapanda, ni daraja. Ukitaka mfano wa nyumbani, sema barabara ya magari, kisha sema nimekuelewa barabara. Herufi zilezile, masikio hayadanganyiki. Na kwetu watembezaji wa mashamba ya viungo liko neno la kuchekesha: koshō ni pilipili manga, na koshō ni chombo kuharibika. Sauti ikishuka mwishoni ni pilipili. Ikibaki juu, gari lako limekufa njiani.

Sasa, sauti zenyewe zinapatikana wapi. Pa kuanzia kwa msemaji wa Kiswahili ni NHK World ya Japani, ambayo ina idhaa ya Kiswahili na imetoa masomo ya Kijapani cha kuanzia yenye maelezo kwa Kiswahili. Ule mfululizo wa Anna, mwanafunzi kutoka Thailand anayesoma Tokyo, una masomo 48, na sentensi kuu ya somo la kwanza ni "Watashi wa Anna desu", mimi ni Anna. Bure. Kasoro yake ni kwamba maelezo ni mengi na Kijapani chenyewe ni kidogo. Ukishaelewa maelezo mara moja, huna haja ya kuyasikia mara ya thelathini. Mimi nilikaa na Audacity kwenye kompyuta, programu ya bure ya kukata sauti, nikabakisha mazungumzo matupu. Masomo kumi yakawa faili moja fupi, natembea nalo Mji Mkongwe asubuhi kabla wageni hawajaamka.

La pili ni Irodori, kitabu cha Japan Foundation kwa wanaokwenda kuishi Japani. Kitabu chenyewe na faili zake zote za sauti unapakua bila kulipa senti. Hapa ndipo nilipopata maneno ya dukani, hospitalini, kituo cha treni, yakisemwa na watu mbalimbali kwa kasi ya kibinadamu. Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kubaki nacho, ningebaki na hiki. Pakua usiku kama kifurushi chako ni cha usiku, uweke kwenye kadi ya simu, usitegemee intaneti barabarani.

Kwa neno mojamoja iko Forvo, ambako wenye lugha zao wanarekodi maneno na wewe unabonyeza kusikiliza. Naitumia kila siku, lakini kwa tahadhari mbili. Kwanza, tazama aliyerekodi ametoka wapi. Mama mmoja wa Osaka aliwahi kunitamkia hashi ya kulia nikadhani nimejifunza kinyume mwaka mzima. Kumbe kwao ndiyo hivyo, juu na chini zimebadilishana na za Tokyo. Ni kama Mpemba na mtu wa Mrima kusikilizana, hakuna aliyekosea.

Pili, na hili ndilo kubwa, neno likiwa peke yake halisemi kila kitu. Ile hana ya ua na hana ya pua zikitamkwa peke yake, zote zinaanza chini zinapanda; mtu huwezi kuzitofautisha kirahisi. Weka kijineno "ga" baada yake: ua linaangusha ile ga chini, pua inaibeba juu. Siri ya neno imekaa kwenye neno linalofuata. Ndiyo maana zile orodha za maneno elfu mbili yaliyorekodiwa moja baada ya jingine, paka, mbwa, meza, kiti, mimi nimeziacha. Natafuta sentensi. Tatoeba ina sentensi nyingi za Kijapani na baadhi zimerekodiwa sauti. Chuo Kikuu cha Tokyo nacho kina kamusi ya lafudhi mtandaoni, OJAD, ambayo inakuchorea mstari wa sauti juu ya sentensi yako. Nikibishana na sikio langu, naiendea hiyo.

Kuhifadhi natumia Anki, programu ya kadi za marudio. Jina lenyewe ni la Kijapani, maana yake kukariri. Damien Elmes aliitoa mwaka 2006 akiwa naye anajifunza Kijapani. Kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone unalipa. Watu wengi wanaitumia kinyume: wanaandika neno mbele, maana nyuma, sauti wanaipachika kama pambo. Kadi yangu mbele haina maandishi hata moja. Ni sauti tu. Nasikia sentensi, nairudia kwa mdomo, nasema maana kwa Kiswahili, ndipo nageuza. Nikiipata kwa jicho tu, naihesabu nimekosa. Maneno matano kwa siku yananitosha. Niliwahi kujipa ishirini nikawa na deni la marudio kama la duka la Mpemba.

Na maana naandika kwa Kiswahili, sitaki safari ya kupitia Kiingereza. Chōji ni karafuu, basi.

Viko vitu viwili sivipendi, niseme wazi. Kimoja ni zile video zenye urefu wa saa nane za kujifunza maneno ukiwa umelala. Nilijaribu mwezi mzima, nilichopata ni ndoto mbaya. Kingine ni sauti za mashine. Zimekuwa nzuri, sikatai, lakini Kijapani kina maandishi yanayosomeka njia mbili: herufi zilezile zinazosomwa karai, yaani kali kama pilipili, zinaweza kusomwa tsurai, yaani chungu ya moyo. Mashine inachagua, ikikosea haikuambii, na wewe unalihifadhi kosa kwa bidii.

Kwa wanaosomea JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni, ambao kwa ukanda wetu hufanyika Nairobi mwezi Desemba, sauti si hiari. Ngazi ya N5, ile ya chini kabisa, ina alama 180, na 60 kati yake ni za kusikiliza. Ukipata pungufu ya 19 kwenye kusikiliza umeanguka, hata kama kwingine umepata zote. Na sauti wanaicheza mara moja tu. Tovuti ya mtihani wenyewe ina maswali ya mfano pamoja na sauti zake. Anza nayo miezi sita kabla, si wiki ya mwisho.

Lakini hazina yangu kubwa haimo mtandaoni. Mwisho wa matembezi, tukiwa tumekaa tunakunywa dafu, namwomba mgeni ruhusa, kisha nampa karatasi yenye sentensi kumi aisome kwenye simu yangu. Hajakataa mtu mpaka leo. Wazee ndio wanaofurahi zaidi, wengine wanasoma mara mbili ili iwe nzuri. Nina bwana mmoja mstaafu wa Hokkaido akitamka tangawizi, nina msichana wa Kagoshima anacheka katikati ya mdalasini. Nikizisikia naona uso, naona shamba, nasikia hata kuku aliyekuwa anapita. Neno la namna hiyo halitoki kichwani hata ulitoe kwa koleo.

Juzi nimepata ujumbe wa sauti kutoka kwa mgeni aliyewahi kuja, anarudi na dada yake, wanataka mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu. Tarehe nne kwa Kijapani ni yokka, ina shadda. Tarehe nane ni yōka, ina madda. Hapo katikati upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake. Nikaweka hedifoni, nikafumba macho, nikasikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mapigo mawili, pumzi haikukatika. Nikampigia nahodha: tarehe nane, watu wawili, asubuhi maji yakijaa.