Hiyo ni Moja, Si Saba

Kwa wiki tano kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuandika namba ileile kwenye tovuti ya posta na kupata jibu lilelile: hakuna taarifa. Dada yangu anayeishi ng'ambo alikuwa amenitumia vitabu vinne na miwani ya kusomea. Alipiga picha risiti akanirushia. Wino ulikuwa hafifu na kivuli cha kidole chake kilikuwa kimelalia nusu ya namba. Nikanakili nilichokiona, msako ukaanza.

Siku ya kumi nikaenda dirishani. Karani alikuwa mpole. Aliingiza namba mara mbili, akageuza skrini ili nijionee mwenyewe. "Ndugu yangu, kwetu hakipo. Mwambie aliyetuma aanze kuulizia kule alikotumia." Nikatoka nimenuna. Nilihisi nimefukuzwa kwa adabu.

Sasa nimepoa, na bado nina neno juu ya jambo hilo. Karani alikuwa na msingi. Kwa mkataba wa Umoja wa Posta Duniani, ule ulioanzishwa Bern mwaka 1874 na leo una nchi wanachama 192, kilichotumwa kwa posta ni mali ya mtumaji mpaka kimfikie mwenyewe. Wewe unayekisubiri, hata kama ndiwe uliyekilipia, hujawa mwenye kitu. Posta iliyopokea pesa ni ile ya mtumaji, fidia ikiwepo huanzia kwake, na ndiyo maana kila dirisha linakusukuma huko.

Ila mkataba huohuo una kifungu ambacho madirishani hakisikiki sana. Posta ya nchi mwanachama inatakiwa kupokea ulizo la kifurushi, au la barua ya rejista, hata kama kilitumwa kupitia posta ya nchi nyingine, mradi ulizo lije ndani ya miezi 6 kuanzia siku inayofuata ile ya kutumwa. Fomu yake inaitwa CN 08. Ningelijua hilo siku ile, ningeiomba kwa jina. Mtu anayetaja namba ya fomu hahudumiwi sawa na mtu anayesema "jamani, mzigo wangu". Sipendi iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Miezi 6 inaonekana mingi. Hesabu vizuri. Mwezi wa kwanza unasema labda kimechelewa. Wa pili unaona haya kumsumbua aliyekutumia zawadi. Wa tatu mnaanza kutafuta risiti. Nimeona watu wakifika dirishani mwezi wa saba na hasira za haki kabisa, na hakuna tena wa kuwasikiliza.

Turudi kwenye namba, maana hapo ndipo nilipojikwaa. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi na tarakimu 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ilikotoka. DE ni Ujerumani, GB ni Uingereza, CN ni Uchina. Herufi ya kwanza inakueleza huduma iliyolipiwa. C ni kifurushi, R ni rejista, E ni EMS, yaani ya haraka. Ukiona U, usijichoshe: kwa kawaida hicho hakifuatiliwi njiani, msimbo umebandikwa kwa ajili ya shughuli za forodha. Wako wauzaji wa mtandaoni wanaokupa namba ya U na kukuambia "fuatilia mzigo wako" huku wakijua hakuna cha kufuatilia. Huo naita utapeli mdogo.

Tarakimu ya tisa ndiyo tamu. Haihesabu chochote, ipo kuzikagua nane zilizotangulia. Unazidisha tarakimu hizo nane, moja moja, kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7. Unajumlisha, unagawa kwa 11, kisha baki unaitoa kwenye 11. Ukipata 10 unaandika 0, ukipata 11 unaandika 5. Chukua 60518243: jumla yake ni 161, ukigawa kwa 11 inabaki 7, kwa hiyo ya tisa lazima iwe 4. Mtu akisoma ile 1 kama 7, jumla inakuwa 173, baki 8, na ya tisa ingepaswa kuwa 3. Kwenye risiti imeandikwa 4, basi ujue umekosea mahali. Kazi ya dakika mbili kwa kalamu. Mimi nilitumia wiki tano kuifukuza namba ambayo haikuwahi kubandikwa kwenye kitu chochote, na mashine iliyoniambia "hakuna taarifa" ilikuwa na hesabu hii hii ya kuniambia "umekosea kuandika". Hapo siwezi kuisamehe tovuti. Jibu moja kwa makosa mawili tofauti ni jibu la uvivu.

Dada alipokwenda kujaza fomu alibeba risiti yenyewe. Jioni akanipigia, anacheka kicheko cha mtu anayejizuia kukasirika.

"Mdogo wangu, hebu niambie, ulikuwa unatafuta nini muda wote huu? Hiyo ni moja, si saba."

Nikaingiza namba sahihi, historia yote ikamwagika. Siku ya kutumwa. Kufika ofisi ya mabadilishano ya kule kwao, yaani kituo ambapo mizigo ya kimataifa inatoka posta moja kwenda nyingine. Kuondoka. Halafu kimya cha siku kumi na mbili.

Kimya hicho ndicho kinachowatia watu wazimu, na naona kinaeleweka vibaya. Neno "kimeondoka" halina maana kwamba kiko angani. Kwa kawaida maana yake ni kuwa kifurushi kimeingizwa kwenye mfuko pamoja na vingine, mfuko ukafungwa na kupewa namba yake wenyewe, ndefu ya herufi na tarakimu 29. Kuanzia hapo kinachosafiri ni mfuko. Chako kimo ndani, hakuna anayekigusa wala kukisoma mpaka ufunguliwe upande wa pili. Mfuko unaweza kulala ghalani ukisubiri nafasi ya ndege, au ukapitia nchi ya tatu, na wewe utaona mstari uleule. Kwa hiyo swali la "kiko wapi?" halijibiki vizuri. Uliza nani alikipokea mara ya mwisho, na kwenye mfuko gani. Posta ya mtumaji inaweza kuitazama namba ya mfuko na kumuuliza mwenzake kama mfuko huo ulifika. Ukiwa umefika na chako hakimo, hapo ndipo neno kupotea linaanza kuwa na maana.

Changu kilikuwa kimefika. Kimepelekwa forodha. Kimezuiwa.

Dada kwenye tamko la forodha alikuwa ameandika neno moja: zawadi. Kwa moyo safi kabisa. Lakini forodha haitozi ushuru wa mapenzi, inataka kujua ndani mna nini, vingapi, vya thamani gani. Tangu tarehe 1 Januari 2021 taarifa hizo zinatakiwa pia zitangulie kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo wenye bidhaa haujafika, kwa hiyo neno la juujuu linaanza kukuponza mapema, mzigo ukiwa bado uko njiani. "Vitabu 4 vilivyotumika, miwani 1" yangetosha.

Baada ya forodha kilifika ofisi ya kukitoa, na wakati huo mimi nilikuwa nikienda ofisi hiyohiyo na namba yenye saba. Notisi waliandika, kwa mujibu wa rekodi. Mimi sikuiona. Sina ushahidi kama ilitumwa au iliangukia mlango wa jirani, na nimeacha kubishana na karatasi. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku mbili kabla ya simu ya dada: kimerudishwa kwa mtumaji.

Kilimfikia baada ya mwezi na zaidi, kona moja imebonyea, vitabu vizima. Alinipigia picha, safari hii bila kidole, ya kile kibandiko kinachowekwa kwenye mizigo inayorudi. Kina visanduku vya sababu, vimeandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya umoja wa posta: hajulikani, amekataa, amehama. Kilichotiwa alama ni *non réclamé*. Yaani hakuna aliyekidai.