Kwa nini aliyeibiwa haendi polisi

Makamanda wa polisi wakisimama mbele ya waandishi wa habari hawakosi kulalamika kwamba wananchi hawatoi ushirikiano. Wana hoja. Bila taarifa, doria inapelekwa kwa kubahatisha, na mwizi asiyeshtakiwa hurudi mtaa ule ule. Lakini lawama hiyo inamfanya asiyeripoti aonekane mzembe, na hapo ndipo anapoonewa.

Tangu 1973 Marekani ina utafiti wa kaya kuhusu uhalifu: badala ya kusubiri watu waje kituoni, wadodosaji huwauliza wenyewe yaliyowapata. Mwaka 2022, chini ya nusu ya matukio ya kushambuliwa na kuporwa kwa nguvu yalikuwa yamefika polisi. Wizi wa magari ulifika kwa kiasi cha asilimia 80. Namba hiyo ya magari ndiyo inayonishika. Polisi ni wale wale, ila aliyeibiwa baiskeli ananyamaza na aliyeibiwa gari anakwenda mbio. Thamani ya mali ina sehemu yake, sawa, lakini bima hailipi bila ripoti ya polisi.

Hapa Tanzania je? Kibaka akikupora pochi stendi, huendi kituoni kwa sababu ya zile hela. Unafuata taarifa ya upotevu, maana bila hiyo NIDA hawakupi kitambulisho kingine. Aliyepigwa anafuata PF3, fomu ya polisi, ili atibiwe. Karatasi ikishapatikana, kwake shughuli imeisha, kwa kuwa kinachobaki ni gharama tupu: nauli, siku ya kazi iliyokwenda bure, "njoo kesho", pengine na hela ya mafuta ili askari wafike kwa mtuhumiwa. Na mtuhumiwa mwenyewe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Anayepiga hesabu hiyo na kubaki nyumbani ana akili zake timamu.

Wapo wanaosema kinachowafukuza watu ni habari mbaya kuhusu polisi. Mwaka 2016 mwanasosholojia Matthew Desmond na wenzake walikadiria kwamba mjini Milwaukee, Marekani, simu za 911, namba ya dharura, zilipungua kwa 22,200 baada ya gazeti kufichua, mwaka 2005, jinsi askari walivyompiga mtu mweusi asiye na silaha. Matokeo hayo yangenifaa sana hapa. Bahati mbaya, mwaka 2020 mtafiti mwingine, Michael Zoorob, alionyesha kwamba yameegemea wiki moja tu, ya 47, ambayo ndiyo ya mwisho kwenye data. Ukiitoa, athari haionekani. Desmond na wenzake waliitetea kazi yao. Mimi sishangai kama habari moja haikutosha kufuta mazoea ya miaka.

Habari huwa na nguvu zaidi kwenye hofu. Karibu kila mwaka tangu 1993, Wamarekani wengi wameiambia Gallup, kampuni ya kura za maoni, kwamba uhalifu nchini umezidi wa mwaka uliotangulia, ilhali kwa takwimu za FBI uhalifu wa kutumia nguvu ulishuka kwa karibu nusu kufikia 2022.

Na kwa kuwa wengi hawaripoti, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi likipokea kesi nyingi kuliko mwaka jana, kichwa cha habari kinachopiga kelele kwamba ukatili umeongezeka kinaweza kuwa kimekosea kabisa: huenda waliokuwa wakiumia kimya wameanza kuja. Na kamanda anayepimwa kwa kupungua kwa kesi ana njia rahisi ya kufaulu. Askari wa kaunta hafungui RB, yaani haandikishi kesi kituoni, anamwambia mama wa watu akayamalize nyumbani.