Anaandika Kitabu

Jana, katika kikao cha ukoo, mjomba alisimama kututambulisha kwa wageni, na alipofika kwangu aliniwekea mkono begani akatamka kwa sauti ya mtu anayezindua daraja, "Huyu ni mpwa wangu, anaandika kitabu." Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha mjomba akasogea hatua moja, akamwekea mkono begani shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi seremala mstaafu ambaye katika maisha yake yote hajawahi kumwambia mtu kwamba ana nia ya kuandika chochote, akasema, "Na huyu ni shemeji yake, ameandika kitabu."

Sikumkasirikia mjomba, kwa kuwa mjomba ni mtu mwaminifu wa sarufi na alisema kweli mara mbili mfululizo. Nilichokasirikia ni silabi mbili, -na- na -me-. Watu wengine huvuka kutoka silabi ya kwanza kwenda ya pili kama wanavyovuka kizingiti, bila kuangalia chini. Walikuwa wanapika, sasa wamepika, basi. Mimi nimeishi ndani ya -na- kwa miaka 9. Nimeshatundika mapazia humo. Watoto wa ndugu zangu waliokuwa hawajazaliwa nilipoanza wanajua kusoma, na wawili kati yao wameniuliza kwa adabu kama kitabu chenyewe bado kitakuwa na maneno wanayoyajua.

Wenzangu wenye ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya umakini na kumaliza kazi kuwa shida, hawahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, na wasio nayo nimechoka kuwaeleza. Nitasema tu kwamba daktari alinipa dodoso la maswali 18, lililotayarishwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu wazima, na swali la kwanza kabisa linauliza ni mara ngapi unapata shida kukamilisha vipengele vya mwisho vya kazi baada ya sehemu ngumu kwisha. Nililisoma mara tatu, nikatazama mlangoni kuona kama mke wangu ndiye aliyelitunga. Nililijibu kwa alama nzito iliyotoboa karatasi, nikaendelea kwa bidii hadi swali la 14, na daktari aliporudi alinikuta nikichunguza jinsi kalamu yake inavyobonyezwa ikatoa ncha. Aliichukua karatasi, akatazama nafasi nne zilizobaki wazi, akasema kwamba hata hizo zimejibu.

Sasa wako wale wanaosema, "Si umebakiza sura moja tu?" Hao hunimaliza. Mswada wangu una sura 20. Sura ya kwanza niliiandika kwa siku 11, nikisahau kulala na kusahau simu. 18 zilizofuata zilinichukua miaka 5 kwa kuruka na kukwama. Na sura ya 20 ina miaka 4 sasa na kurasa 3. Yule asiye na hali hii huona kilichobaki ni kidogo, kwa hiyo ni chepesi. Kwangu kilichobaki ni kidogo, kwa hiyo hakina kipya. Najua nani aliua, najua kwa nini, najua mvua itaanza kunyesha katika aya gani, na ubongo wangu, ambao dopamini yake, kemikali inayotia hamu ya kazi, haiji kwa kuitwa bali kwa kushtukizwa, umekwisha kuaga na kufunga mizigo tangu sura ya 19. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeitafiti ADHD kwa miongo kadhaa, hueleza kwamba shida yetu si kutojua la kufanya bali kutolifanya tunalolijua. Nilimsomea mke wangu maneno hayo nikitarajia huruma. Alisema kwamba na yeye amekuwa akisema hivyo hivyo tangu tuoane, ila bila cheo.

Shujaa wangu, kwa taarifa yenu, amesimama mbele ya mlango ambao msomaji ameusubiri tangu sura ya 3. Mkono wake uko juu ya kitasa. Sentensi ya mwisho niliyoiandika inasema: "Akausukuma mlango, lakini haukufunguka." Kwa nini haukufunguka, sijui. Niliiandika usiku wa manane kwa sababu ilisikika vizuri, nikaenda kunywa maji, na miaka 4 ikapita.

Kitabu si yatima. Kuna gitaa lenye nyimbo nne zisizo na beti za mwisho. Kuna picha ya rangi ya mke wangu ambayo ina kila kitu isipokuwa mikono, naye ameshaizoea. Kuna kigoda cha miguu mitatu chenye miguu miwili, kilichokuwa kikiegemea ukuta kwa uvumilivu ambao mimi sina. Dawa nilipewa, na ilinisaidia, sitaikufuru. Ila hakuna aliyenionya kwamba dawa hukupa umakini bila kukuambia uuelekeze wapi. Asubuhi ya kwanza niliimeza, nikaketi mbele ya sura ya 20, nikaona vumbi chini ya herufi G, na kwa saa tano za utulivu ambao sikuwahi kuujua nilikuwa nimeng'oa vitufe vyote vya kibodi, nimevisafisha kimoja kimoja kwa pamba, nimevipanga juu ya taulo kwa alfabeti. Vyote vilirudi mahali pake isipokuwa kile kirefu cha nafasi, kwahiyoilekurasayatatuilisomekahivi, mpaka nilipopata kibodi nyingine.

Zamani, nilipokuwa bado na heshima zangu, nilikuwa nikijilinganisha na Leonardo da Vinci. Mwaka 1481 watawa wa monasteri moja karibu na Florence walimwagiza mchoro mkubwa wa Mamajusi, na mkataba ukampa miezi 24, au 30 ikizidi. Mwaka uliofuata alikwenda zake Milan na kuuacha mchoro ukiwa na rangi ya kahawia ya maandalizi tu. Mwaka 2019 watafiti wawili walitoa hoja kwamba huenda alikuwa na ADHD, na ingawa mtu aliyefariki mwaka 1519 hawezi kujazishwa dodoso, nililichukua jambo hilo kama barua ya utambulisho. Nikawa naitembeza. Kisha siku moja mke wangu akauliza, "Na wale watawa?" Sikuwa nimewafikiria. Walisubiri takribani miaka 15, wakamwagiza mchoraji mwingine, Filippino Lippi, mtu ambaye hakuna anayemwita kipaji cha karne, naye akawakabidhi mchoro wao mwaka 1496, umekauka, una mikono yote.

Katika ukoo wetu Filippino Lippi ni shemeji.

Ilianza kwa nia njema. Nilikuwa nimesoma kwamba wengi wenye ADHD hufanya kazi vizuri zaidi akiwapo mtu mwingine chumbani, si wa kusaidia wala wa kusimamia, bali wa kuwapo tu kimya akifanya shughuli zake. Mke wangu alisema kaka yake amestaafu na hana kazi. Shemeji akaja saa tatu kamili asubuhi, amevaa shati lililopigwa pasi kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti.

"Shemeji, nifanye nini?"

"Usifanye kitu, shemeji. Kaa tu."

"Nitazame wapi?"

"Popote, ilimradi si mimi."

Akatazama kibodi. Nilimweleza utaratibu: dakika 25 za kazi, kisha dakika 5 za kupumzika, kama alivyobuni Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Nilimweleza pia kwa nini nyanya, na habari za saa za jikoni kwa jumla, na nilipomaliza kumweleza saa ikalia, ikawa ni wakati wa kupumzika. Katika kipindi cha pili shemeji aliniomba daftari, apitishe wakati. Nikampa moja kati ya yale 14 niliyoyanunua ya kuandikia sura ya 20, lenye jalada gumu, ambalo nilikuwa naliogopa kulichafua.

Yeye hakuliogopa. Alilaza kiganja juu ya ukurasa kama anavyopima ubao, akalamba ncha ya kidole, akaandika. Shemeji huandika polepole kwa herufi kubwa, akipumua kwa pua, na kila akifika mwisho wa mstari hutoa mlio mdogo wa koo, "mh," wa mtu aliyepigilia msumari ukaingia. Jaribuni kumwua mhusika huku mtu anasema "mh" kila nusu dakika. Nilihesabu. Kipindi kimoja kilikuwa na "mh" 41, na mimi nilikuwa na mkono uleule juu ya kitasa kilekile.

"Shemeji, 'randa' ina r moja?"

"Moja, shemeji."

"Nilijua. Nilitaka kuhakikisha tu."

Hakuuliza tena. Dakika 5 za mapumziko, ambazo mimi nilizitumia kusoma kwamba mapumziko yasizidi dakika 5 na hivyo zikawa 40, yeye alizitumia kukitazama kigoda. Mapumziko ya kwanza alikigeuza. Ya pili alipima. Siku ya pili alikuja na kipande cha mbao mfukoni. Siku ya tatu nilisikia nyuma yangu sauti ya kitu kikiwekwa sakafuni na kutulia, na nilipogeuka kigoda kilikuwa kimesimama kwa miguu mitatu, na shemeji alikuwa amekwisha kurudi kwenye daftari, kwa sababu saa ilikuwa imelia na yeye ni mtu wa kufuata saa.

Siku ya sita, katikati ya kipindi, aliniomba rula. Nilimpa bila kufikiri. Nikasikia mkwaruzo mmoja mrefu, kisha wa pili, kisha akalifunga daftari. Nilivumilia kama dakika moja, halafu nikaenda kulifungua. Ukurasa wa 112, chini kabisa, aliandika MWISHO, akapiga mistari miwili chini yake, imenyooka.

Ndugu zangu, neno lile sijawahi kuliandika. Nimeandika "ufukwe," nimeandika "kuwayawaya," nimekaa siku nzima nikitafuta tofauti kati ya utusitusi na ukungu, lakini neno lile lenye herufi sita, ambalo kila mtoto wa shule analiandika chini ya insha yake kuhusu likizo, mimi vidole vyangu havilijui. Na yeye akalipigia rula!

"Shemeji," akaniambia, "wewe ni mwandishi. Hebu nisomee, unirekebishie."

Hapa ndipo ninapopandwa na hasira, na si kwake. Nililisoma daftari lile usiku uleule. Linahusu miaka yake 31 ya useremala, mbao zilizomdanganya na wateja waliotaka meza jana. Nililihariri kwa siku mbili. Nilikichapa chote, nikapanga sura, nikatengeneza yaliyomo, nikasahihisha nukta, nikampelekea mpiga chapa, nikafuatilia, nikasahihisha nakala ya majaribio, nikakipokea kikiwa na harufu ya gundi. Siku mbili! Mkono haukusita hata mara moja, kwa sababu kilikuwa kipya, kilikuwa cha mtu mwingine, na palikuwa na mtu mlangoni anayekisubiri. Kwa hiyo uwezo upo. Upo tele, umekaa ndani, na ukiitwa kwa jina langu hauitiki. Niambieni mtu aufanye nini uwezo wa namna hiyo, na tafadhali msiniambie kalenda, kwa kuwa kalenda ninazo, na moja nimeipamba kwa rangi hadi mwezi wa tatu.

Jana baada ya kikao shemeji alinivuta pembeni. Alikuwa na mswada wangu, sura zote 19 na kurasa zake 3. Alisema si haki mimi kumsomea yeye asinisomee. Nilijiandaa kwa pongezi, nikashusha macho kidogo.

"Kizuri," akasema. "Ila ule mlango wa mwishoni."

"Mlango una nini?"

"Sura ya 3 yule mtoto amekaa nje, kwenye ngazi, anahesabu bawaba zina kutu. Tatu."

"Ndiyo."

"Bawaba za kawaida zikionekana nje, mlango unafungukia nje." Akanyoosha mkono, akashika kitasa kisichokuwapo, akakivuta taratibu kuelekea kifuani. "Huo wa kuvutwa, shemeji. Yeye anasukuma."

Miaka 4.

Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya ukurasa ule, moyo ukinienda mbio kama wakati wa sura ya kwanza, nikaandika "Akauvuta," nikasimama kwenda kuhakikisha kwenye mlango wetu wenyewe, maana jambo kama hili huwezi kuliandika kwa kusikia. Ni kweli kabisa, bawaba za mlango wetu ziko upande wa ndani na mlango hufungukia ndani. Ila ya katikati imelegea, inakosa skrubu moja, na skrubu ya saizi ile nilikuwa nayo, iko kwenye kopo fulani pamoja na nyuzi za gitaa.

Bisibisi nimeshaiona. Natafuta kopo.