Mhakiki Aliyefia Jukwaani

Uhakiki wa tamthilia iliyomo kitabuni unaweza kuandikwa na mtu aliyejilaza kitandani, chandarua kikiwa kimeshushwa na chai ikipoa pembeni, kwa kuwa kitabu hakina haraka na ukurasa uliopita unaweza kurudiwa. Uhakiki wa mchezo uliochezwa jukwaani ni kazi nyingine kabisa: humtaka mhakiki awepo mahali penyewe, aone na asikie, na aandike kabla tendo jipya halijalifuta lililotangulia. Mimi nilikuwepo, tena mstari wa mbele, na kuwepo huko ndiko kulikoniponza.

Mkuu wa shule yetu hapa Lindi mjini, mama asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini akanieleza kuwa Ijumaa jioni wanafunzi wangeigiza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, na kwamba Jumatatu asubuhi nisome mbele ya shule nzima uhakiki wa mfano, ili wanafunzi waache tabia ya kusimulia hadithi tangu mwanzo hadi mwisho na kuiita uchambuzi. "Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu wetu," alisema, na mwalimu wa Kiswahili akishaambiwa hivyo huwa hana tena uwezo wa kukataa.

Utangulizi niliuandika usiku wa Alhamisi, kwa sababu utangulizi hautegemei yatakayotokea ukumbini. Nilieleza kwamba mtunzi ni mzaliwa wa Kilwa, kwa hiyo ni mtu wa mkoa wetu. Kwamba tamthilia ilichapishwa mwaka 1969. Na kwamba chimbuko lake ni Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vilivyoanzia katika vilima vya Umatumbi baada ya watu kuchoshwa na kulazimishwa kulima pamba ya Wajerumani. Nilitilia mkazo jambo ambalo wanafunzi hulisahau kila mwaka: Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewapa watu maji ya dawa na kunyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905 vita vikiwa bado vichanga, ni mtu wa historia, ilhali Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, kama mtunzi mwenyewe anavyotahadharisha mwanzoni mwa kitabu chake. Anayemsahihisha mhusika kwa kumbukumbu za Wajerumani amebisha hodi nyumba isiyo yake. Niliridhika sana na ukurasa huo, nao ndio pekee uliosalia mkavu, kwa kuwa niliuacha nyumbani.

Kwa ajili ya jioni yenyewe nilinunua kaunta buku mpya, nikaigawa kwa rula katika safu za maneno, matendo, maleba (yaani mavazi ya waigizaji), vifaa, sauti, na ile ya mwisho ambayo wahakiki wengi huipuuza, yaani hadhira. Nilichukua pia kalamu ya wino ya marehemu baba, kwa imani kwamba kazi nzito haistahili peni ya dukani. Imani hiyo ilikuja kuwa na madhara.

Mchezo ulifanyika katika bwalo la chakula, ambalo lilikuwa bado linanukia maharage ya mchana. Upande wa jikoni palitandikwa mikeka pakawa jukwaa, na khanga zilizoungwa kwa sindano zikatundikwa kwenye kamba zikawa pazia. Sehemu ya kwanza ilinipa furaha ambayo ni wahakiki tu wanaoijua, kwa sababu kalamu ilikuwa haisimami. Niliona Bibi Kitunda, mke wa Kitunda kiongozi wa wapiganaji, akikitikisa chungu kitupu karibu na sikio lake, kana kwamba njaa ni kitu kinachosikika, kisha akakifunika kwa adabu. Na katika safu ya matendo niliandika kwamba hapo palikuwa na ushahidi wa dhuluma kuliko hotuba nzima. Ushahidi wa namna hiyo haumo katika mazungumzo yaliyochapwa. Muigizaji ndiye aliyeuleta, na asipoandikwa usiku huohuo hapotei yeye tu, hupotea na chungu chake.

Mwongozaji, msichana wa kidato cha tano mwenye kichwa kikali, alikuwa ameamua kwamba dawa isiishie kwa wahusika. Kinjeketile angeshuka kutoka jukwaani akiwa na maji na usinga, akawanyunyizia na watazamaji, ili kila aliyeketi bwaloni ajiulize moyoni kama anaamini au haamini. Ulikuwa uamuzi mzuri, na ninasema hivyo hata baada ya yaliyonipata. Kwa bahati mbaya kibuyu kilichoandaliwa kilipasuka siku hiyohiyo asubuhi, na nafasi yake ikachukuliwa na ndoo ya plastiki kutoka jikoni, ikiwa imejaa hadi ukingoni. Nilikuwa nimeinama katika safu ya vifaa, nikiandika kwamba ndoo ya buluu inapunguza uzito wa, wakati mguu wa Kinjeketile ulipokwaa waya wa spika. Sentensi hiyo sikuimaliza, na mpaka leo sina hakika ulikuwa uzito wa nini.

Maji yote yalinishukia mimi. Dawa iliyoahidiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji ilianza kwa kuligeuza daftari langu. Safu zote sita ziliyeyuka mbele ya macho yangu na kuwa bahari moja ya rangi ya bluu, na bahari hiyo ikateremka hadi kwenye shati langu jeupe. Bwalo zima, likidhani kwamba hayo yamepangwa, liliinuka na kupaza sauti: "Maji! Maji!" Wapiganaji wawili, waliofundishwa kuwa jambo lolote likitokea jukwaani mchezo usisimame, walinishika makwapani, wakaniinua pamoja na daftari langu, wakaniingiza katika safu ya jeshi la Kitunda.

Hapo ndipo nilipojikuta katika swali ambalo hakuna kitabu cha nadharia nilichokisoma kinacholijibu. Bunduki za mianzi zilielekezwa kwetu, madebe yakapigwa nyuma ya pazia, na wapiganaji wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, mpaka nikabaki nimesimama peke yangu. Kama nisingeanguka, ilimaanisha kwamba dawa imefanya kazi. Na kama dawa imefanya kazi, basi anguko halipo, msiba haupo, na dhamira yote ya tamthilia, yaani imani inayowaunganisha watu na papo hapo kuwapeleka mbele ya risasi, ingeporomoka kwa sababu ya mwalimu mmoja aliyelowa. Nilikuwa bado nalipima jambo hilo kwa makini wakati bibi mmoja anayeuza ming'oko karibu na geti letu alipopiga kelele kutoka nyuma: "Mwalimu, anguka! Unatuharibia!"

Nilitoa leso mfukoni, nikaitandaza juu ya mkeka, nikafa.

Sehemu iliyobaki niliihudhuria nikiwa maiti, uso chini, huku Mngindo, kijana wa kidato cha sita anayecheza mpira nafasi ya ulinzi, akiwa amefia mgongoni pangu. Onyesho la kifungoni, ambamo Kinjeketile anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo naye anakataa, kwa kuwa neno lililokwisha kuwaunganisha watu si lake tena kulifuta, mimi sikuliona hata kidogo. Nililisikia tu. Na ninathibitisha kwamba sijapata kusikia sauti ya mwanafunzi ikitetemeka kwa ukweli wa namna ile, ingawa baadaye kijana aliniambia kuwa muda wote huo alikuwa akifikiria adhabu itakayompata Jumatatu kwa sababu ya ndoo. Safu ya sauti ingejaa pomoni. Lakini marehemu hana kalamu.

Jumamosi nilianika daftari juani. Yaliyosomeka yalikuwa "chungu" na "ndoo ya buluu", na kwa maneno hayo hakuna mhakiki anayeweza kusimama mstarini. Nikaona kwamba, ikiwa macho yangu yamelowa, basi ni lazima niyaazime ya wenzangu, nikaanza kuwatafuta watazamaji. Mlinzi alikumbuka maleba vizuri mno: ofisa wa Kijerumani alivaa kandambili. Bibi wa ming'oko hakukumbuka hata neno moja la Kinjeketile, bali alikumbuka mahali bwalo liliponyamaza, na maelezo yake hayo ndiyo yaliyonionyesha kilele cha mchezo kilipokuwa. Nilipomuuliza ni kitu gani kilichomgusa zaidi, alijibu bila kufikiri: "Kifo chako, Mwalimu." Mlinzi alikuwa amenipa jibu hilohilo.

Mzee mmoja mwenye mtumbwi, mkazi wa Kitunda ng'ambo ya ghuba, ambaye alikuja bwaloni baada ya kusikia kuwa ndani ya mchezo yumo Kitunda na akataka kujua kijiji chake kinasemwa nini, alikuwa mkali zaidi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniketisha kwenye ukingo wa mtumbwi. "Mwanangu, ulikufa vizuri," alisema, "ila ulichelewa. Tena ile leso sikuielewa. Mtu aliyekwisha kulowa mwili mzima anaogopa vumbi gani?"

Nimesoma wahakiki wengi waliosomea kazi hiyo, na wachache mno huanza kwa tendo dogo kama hilo, wakalishika na kulidai maana.

Tatizo lililobaki lilikuwa la kimaadili. Hadhira ni sehemu ya onyesho, na hadhira ilikuwa imesema kwa kauli moja kwamba jambo zito kuliko yote lilikuwa mimi. Kulificha hilo kungekuwa kuusaliti ushahidi, na kulitaja kungekuwa kujisifu. Niliamua kuandika kwa nafsi ya tatu. Niliandika kwamba katika onyesho la vita anajitokeza mhusika mdogo asiye na jina, mwenye shati jeupe na daftari, ambaye anasitasita wakati wenzake wanakufa, na ambaye hata anapokubali kufa anatandaza leso kwanza. Naye, niliendelea, anawakilisha tabaka la wasomi wanaojiunga na mapambano ya wananchi wakiwa wamechelewa, huku wakizitunza suruali zao. Niliiona kuwa ni hoja nzito. Bado naiona hivyo.

Jumatatu niliusoma uhakiki wote, nao wanafunzi walisikiliza kwa utulivu usio wa kawaida. Nilipofika mahali niliposifu uamuzi wa kuziacha maiti jukwaani wakati wa onyesho la kifungoni, ili Kinjeketile alikatae ombi la maadui mbele ya miili ya walioliamini neno lake, mwongozaji alinyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Haukuwa uamuzi. Tulitaka kufunga pazia, lakini kamba yake mlikuwa mmeilalia."

Nilisubiri kicheko kipungue, kisha nikamjibu kwamba kusudi ni mali yake, lakini kinachoonekana ni mali ya bwalo, na mhakiki huandika kilichoonekana. Aliuliza, kwa adabu kabisa, mhakiki aliyelala kifudifudi alikiona kwa jicho lipi. Mkuu wa shule aliingilia kati kabla sijapata jibu, akatangaza kuwa mchezo ungerudiwa mbele ya wazazi mwishoni mwa muhula, na kwamba kwa kuwa uhakiki umethibitisha thamani ya kila kitu, kisipunguzwe chochote: maiti zibaki, ndoo ibaki, na Mwalimu abaki, pamoja na leso yake.

Mazoezi tumekwisha kuyaanza, na mwongozaji ananilaumu kwamba sasa naanguka mapema mno. Aliyepewa kazi ya kuandika uhakiki safari hii ni mwalimu wa hesabu, ambaye amenunua penseli na kuuliza kama anaruhusiwa kukaa mstari wa nyuma na mwavuli.